Asiyekubali kushindwa si mshindani: Gor, Ingwe na sisi mashemeji

MSOMAJI mpenzi, ukitaka kuijua vizuri nyumba ya watu wa Nyanza Kusini wanaoishi Nairobi, usiangalie viti vya sebuleni wala picha zilizotundikwa ukutani. Ngoja Jumapili ambayo Gor Mahia inakutana na AFC Leopards. Baba aliyezaliwa Migori huamka mapema kuliko siku ya kazi, na fulana yake ya kijani imepigwa pasi tangu jana. Mama, ambaye kwao ni Vihiga, hakoroga uji bila kuimba wimbo wa kwao, na leso aliyojifunga siku hiyo ni ya samawati. Watoto nao wamegawanyika. Kifungua mimba yuko kwa baba, wa pili yuko kwa mama, na kitindamimba anangoja kuona nani atakayemnunulia soda.

Mchezo haujaanza, na tayari nyumba ina kambi mbili. Jioni mmoja atacheka na mwingine atanuna, lakini watakula ugali wa sahani moja na kulala chini ya paa moja. Hiyo ndiyo dabi ya Mashemeji. Leo nataka tuizungumzie kwa kituo, kwa sababu wengi wetu tunaipenda na kuipigia kelele bila kujua imetoka wapi, na bila kujiuliza inatudai nini.

SHEMEJI SI MKWE

Tuanze na jina lenyewe. Waluo na Waluhya ni majirani tangu jadi. Wamepakana, wameuziana samaki na mtama, na zaidi ya yote wameoana. Hata mbali na mpaka wao wa kale utawakuta pamoja. Huko Migori, kwa mfano, Wamaragoli waliohamia zamani wanaishi na Waluo, Wakuria, Wasuba na Wakisii, na haishangazi kukuta ukoo mmoja wenye majina ya pande mbili. Ndiyo sababu mechi ya Gor na Leopards ikaitwa ya mashemeji.

Lakini tazama hekima ya neno hilo. Hatukusema ni mechi ya wakwe. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa. Ukimwona njiani unapisha, na ukila mbele yake unakula kwa haya. Shemeji ni mwingine. Shemeji unamtania. Unaweza kumwambia kwamba chakula cha kwao hakishibishi, naye akakujibu kwamba nyinyi mlikuja kuposa na jogoo mwembamba. Watu watacheka na hakuna atakayeshtakiwa.

Hata hivyo utani wa shemeji una masharti mawili. La kwanza, una mpaka: shemeji hatukaniwi mama yake, wala hapigwi. La pili, una wajibu: siku ya msiba au ya harusi, yule yule aliyekuwa akikutania ndiye wa kwanza kufika na mchango wake mkononi. Shemeji wa kucheka tu, asiyeonekana siku ya shida, huyo si shemeji bali ni mpita njia. Shika masharti hayo mawili, msomaji, maana ndiyo mizani tutakayopimia habari yote iliyobaki.

JINA LILILOTOKA KANYAMWA

Mashabiki wengi wa jijini hudhani Gor Mahia ni kitu cha Nairobi. Uwanja ni wa Nairobi, ofisi ni za Nairobi, na wachezaji huonekana Nairobi. Lakini jina si la Nairobi hata kidogo. Ukitoka mji wa Migori ukapita Awendo na Rongo, kisha ukaishika njia ya kwenda Homa Bay, utafika Rodi Kopany. Hapo ukikata kuelekea Ndhiwa, unaingia nchi ya Kanyamwa. Huko ndiko alikoishi mganga mashuhuri ambaye jina lake lilikuwa Gor Makogalo. Wazee husimulia kwamba aliweza kujigeuza umbo na kuwachanganya adui zake. Kwa sababu ya maajabu hayo akaitwa Gor Mahia, yaani Gor wa miujiza. Na lile jina la utani la K'Ogalo unalolisikia likiimbwa jukwaani limetokana na mzee huyo huyo.

Kwa hiyo kila kijana wa Kayole au Kibera anayepaza sauti akiita K'Ogalo, anaita jina la mzee wa Homa Bay. Pengine hajui, na pengine mwalimu wake hakumwambia. Mwambie wewe leo.

Leopards ilitangulia kuzaliwa. Mwaka 1964, mara baada ya uhuru, timu ndogo ndogo za Waluhya waliokuwa wakifanya kazi jijini, zilizoitwa kwa majina ya sehemu za nyumbani kama vile Marama, Samia na Bukusu, ziliungana zikawa Abaluhya. Umoja ule ulizaa matunda upesi. Abaluhya ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1966, ikautwaa tena 1967. Hiyo ndiyo timu aliyoichezea Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019, yule ambaye jina lake lilitajwa redioni mara nyingi hata maneno "Kadenge na mpira" yakawa msemo wa Wakenya wote.

Waluo nao walikuwa na timu zaidi ya moja, na nguvu zilikuwa zimetawanyika. Mwaka 1968 wakaunganisha Luo Union na Luo Stars, ikazaliwa Gor Mahia. Mwaka huo huo mtoto mchanga alimnyang'anya kaka yake ubingwa. Baadaye wengine walijitenga na kuirudisha Luo Union, ambayo ilitwaa ligi mwaka 1975. Lakini macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuelekea upande mmoja. Kila Abaluhya na Gor walipokutana, mji ulisimama.

Angalia jambo moja hapa. Gor iliundwa baada ya majirani kuungana na kushinda. Walipoona shemeji amejenga nyumba kubwa, nao wakaamua kujenga. Mshindani mzuri hufanya kazi hiyo: hukuonyesha unachoweza kufanya ukiacha uvivu.

MIAKA 14 YA WATU WAWILI

Mwaka 1980 Rais Daniel arap Moi aliagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na vilabu navyo vikatakiwa kuacha majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na chui akapata jina la nyumbani la Ingwe. Gor nayo kwa muda ilijiita Gulf Olympic Rangers, jina la Kizungu lililobuniwa ili herufi tatu za mwanzo zisome Gor vilevile. Mashabiki waliendelea kuita K'Ogalo kama kawaida.

Sasa chukua kalamu, mwanafunzi, uandike. Kuanzia 1980 hadi 1993, kwa miaka 14 mfululizo, hakuna timu nyingine Kenya iliyoonja ubingwa wa ligi isipokuwa hizi mbili. Leopards ilichukua 1980, 1981 na 1982. Gor ikajibu 1983, 1984 na 1985. Leopards 1986. Gor 1987. Leopards 1988 na 1989. Gor 1990 na 1991. Leopards 1992. Gor 1993. Ukijumlisha utapata saba kwa saba. Hakuna mwamuzi ambaye angeweza kupanga usawa wa namna hiyo.

Na vita havikuishia nyumbani. Katika mashindano ya vilabu bingwa vya Afrika Mashariki na Kati walikutana fainali mwaka 1984 mjini Kampala, Leopards wakashinda. Mwaka uliofuata walikutana tena fainali mjini Khartoum, Gor wakalipiza. Fikiri, msomaji: mashemeji wawili wanasafiri hadi Sudan kwenda kumaliza ugomvi walioanza nao Nairobi.

Enzi hizo mtu wa Macalder au Mbita hakuwa na televisheni. Alikuwa na redio, Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 iliitwa KBC. Mtangazaji mmoja kama Leonard Mambo Mbotela aliweza kuufanya uwanja mzima uingie chini ya mti mmoja kijijini. Watu walimwona mchezaji kwa masikio. Mtoto aliyekuwa hajafika hata Kisumu alijua mlango wa goli la Nyayo uko upande gani.

Majina ya wachezaji nayo yalifundisha somo ambalo majina ya vilabu hayakulifundisha. Kipa aliyeilinda Leopards miaka ya themanini alikuwa Mahmoud Abbas, mwana wa pwani, si wa Kakamega wala Bungoma. Winga wa Gor katika kikosi cha 1987 alikuwa Abbas Khamis Magongo, naye si wa Siaya wala Homa Bay. Hakuna shabiki aliyewauliza kabila lao mpira ulipoingia wavuni.

Kikosi hicho cha 1987 kinastahili aya yake. Mwaka 1979 Gor ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikabomolewa na Canon Yaoundé ya Kamerun jumla ya mabao 8-0. Timu nyingine ingejificha. Gor ilikubali kwamba imeshindwa, ikarudi kazini, na miaka minane baadaye ikafika fainali ile ile chini ya nahodha Austin Oduor, huku Peter Dawo akiwa mshambuliaji wa kuogopwa. Walitoka sare ya 2-2 na Espérance ugenini Tunis, wakatoka sare ya 1-1 Nairobi, wakatwaa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Waswahili hawakukosea waliposema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Damu ya ushindani huo imefika mbali. Tarehe 1 Juni 2019, siku yetu ya Madaraka, fainali ya klabu bingwa Ulaya ilichezwa Madrid kati ya Liverpool na Tottenham. Aliyefunga bao la pili la Liverpool ni Divock Origi, Mbelgiji ambaye ami yake ni huyo huyo Austin Oduor wa Gor. Miongoni mwa wachezaji wa Tottenham msimu huo alikuwa Victor Wanyama, ambaye baba yake, Noah Wanyama, aliichezea Leopards. Mashemeji walikutana hata Uhispania, wala hatukuwatuma.

UTANI ULIPOVUKA MPAKA

Hadi hapa nimekusimulia matamu. Sasa turudi kwenye mizani yetu, kwenye sharti la kwanza la shemeji, kwamba utani una mpaka.

Mwezi Machi 2012 timu hizi zilikutana uwanja wa Nyayo. Mchezaji wa Gor, Ali Abondo, alionyeshwa kadi nyekundu. Watu wakang'oa viti, mawe yakaruka, na mchezo ukasimama kwa karibu nusu saa. Baada ya hapo Gor ilifungiwa viwanja vya taifa vya Nyayo na Kasarani kwa muda, na timu yenye mashabiki wengi kuliko zote nchini ikawa haina mahali pa kuwakaribisha.

Haikuwa mara ya kwanza, wala makosa hayajawahi kuwa ya upande mmoja. Kila mpenzi wa kabumbu anajua siku ambazo watu walikimbia huku macho yakiwasha kwa moshi wa polisi. Lakini hebu tujiulize gharama halisi inalipwa na nani. Si mchezaji, huyo huondoka kwa basi la timu. Si kiongozi wa klabu, huyo ana gari. Anayelipa ni mama aliyekuwa ameahidi kumpeleka binti yake uwanjani na sasa ameapa hatamfikisha tena. Ni mchuuzi wa njugu aliyepoteza kapu lake langoni. Ni kijana wa kidato cha pili aliyekwenda na nauli ya kurudi Dandora na akafika kwao usiku kwa miguu.

Jukwaa lisilo na akina mama na watoto hubadilika. Matusi huongezeka kwa sababu hakuna wa kumwonea haya. Matusi yakizidi, familia hukaa mbali zaidi, na familia zikikaa mbali, matusi huongezeka tena. Mduara huo hauwezi kuvunjwa na polisi peke yao. Huvunjwa na mtu mzima mmoja anayemgeukia aliyeketi jirani na kumwambia, "Ndugu yangu, hapa pana mtoto." Huko nyumbani hakuna ambaye angemtukana shemeji mbele ya mama yake. Kwa nini tufanye hivyo Nyayo?

AWENDO ILIPONG'AA NA ILIPOZIMA

Sharti la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo lililonifanya nichague habari hii. Nilisema shemeji wa kweli huja na mchango.

Miaka ya tisini ilipokwisha, watani wetu wote wawili waliingia njaa. Gor ilitwaa ligi 1995, kisha ikakaa miaka 18 hadi 2013 ndipo ikalishika kombe tena. Leopards ilitwaa 1998, kisha ikaporomoka hadi ikashuka daraja, isirudi ligi kuu mpaka 2009. Katika kipindi hicho cha giza wengine walipata nafasi ya kuonekana, na mwaka 2006 bingwa wa Kenya alitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: Awendo, katika mashamba ya miwa ya Migori.

Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ambacho sote tunakiita SoNy, kiliundwa miaka ya sabini. Kama viwanda vingi vya nchi hii wakati huo, kililea timu ya mpira. Mchezaji alipata kazi, nyumba na matibabu. Kiwanda kikapata jina. Na watu wa mji mdogo wakapata mahali pa kwenda Jumamosi. Mwaka 2006 SoNy Sugar ilizipita timu zote za Nairobi na Mombasa, ikaleta ubingwa wa ligi Nyanza Kusini kwa mara ya kwanza.

Nakuuliza kwa utani wa shemeji, wewe mwana wa Migori au Homa Bay unayeishi Nairobi: mwaka huo ulikwenda Awendo mara ngapi? Na Gor ilipokwenda kucheza na SoNy, ulikaa upande gani? Sikulaumu kwa kuipenda Gor. Nimekwisha kukueleza jina lake limetoka Kanyamwa, kwa hiyo nayo ni ya kwenu. Lakini Waswahili walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sukari ilipoingia mashaka, na kiwanda kikaanza kudaiwa na wakulima na wafanyakazi wake, timu ilikuwa kama mtoto wa nyumba inayofilisika. Mwaka 2019 ligi yenyewe ilipoteza mfadhili wake mkuu, kampuni ya SportPesa. Msimu huo SoNy ilishindwa kufika uwanjani mechi tatu kwa ukosefu wa fedha, na kwa mujibu wa kanuni ikaondolewa ligi kuu. Bingwa wa 2006 hakutolewa kwa kufungwa mabao. Alitolewa kwa kukosa nauli.

Tafakari neno hilo, nauli. Katika Nairobi peke yake wapo maelfu ya watu wa Migori na Homa Bay ambao Jumapili moja ya Mashemeji hutumia kwa tiketi, fulana, nyama na vinywaji fedha ambazo zingeijaza basi la SoNy dizeli mara nyingi. Hakuna aliyewaomba kwa utaratibu, na wao hawakuuliza. Timu ilikuwa ya kiwanda, na sisi tukasema kiwanda kitajua.

MJI MDOGO ULIOKATAA

Nikupe mfano wa mbali ili tujione vizuri. Huko Marekani wana kandanda yao, ambayo mpira wake una umbo la yai na hushikwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu. Katika mchezo huo kuna ushindani wa zamani kati ya Chicago Bears na Green Bay Packers. Walikutana mara ya kwanza Novemba 1921, na wangali wanakutana. Wajukuu wameurithi ugomvi huo kwa babu zao kama sisi tulivyorithi wa Gor na Ingwe.

La ajabu ni kwamba zote mbili zilianza kama SoNy, zikiwa timu za viwanda. Bears ilianzishwa 1920 na kiwanda cha wanga wa mahindi cha Staley, katika mji wa Decatur. Mwaka uliofuata ilihamia Chicago, mji mkubwa, ikapata nguvu za mji mkubwa. Packers ilianzishwa 1919 kwa fedha za kampuni ya kusindika nyama, na hata jina lake maana yake ni wafungashaji. Kampuni ile haikudumu. Kwa hesabu za kawaida, timu ya Green Bay nayo ilipaswa kufa au kuhama, kwa sababu Green Bay ni mji mdogo, hata leo una watu kama laki moja tu.

Wenyeji walikataa. Mwaka 1923 waliuziana hisa za dola tano tano, wakainunua timu yao wenyewe. Hisa hizo hazileti faida, wala huwezi kuziuza upate zaidi. Unachopata ni haki ya kusema timu ni yako, na sauti katika mkutano wa wenye hisa. Waliuza tena kila shida ilipobisha hodi, na leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Ndiyo sababu mji wenye watu laki moja umeweza kushindana na Chicago kwa zaidi ya miaka 100.

Sisemi Awendo ni Green Bay. Dola si shilingi, na mkulima wa miwa asiyelipwa kwa wakati hawezi kuambiwa anunue hisa za mpira kabla ya karo ya watoto. Lakini ndugu zake wa mjini wanaweza, na chama kidogo cha watu wa nyumbani kinaweza. Sisi ni mabingwa wa harambee. Tumejenga shule kwa harambee, tumewazika wapendwa wetu kwa harambee, tumewapeleka wagonjwa hospitali. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kilichotukosesha SoNy si ukosefu wa mali peke yake. Hatukuiona kuwa ni yetu mpaka siku ilipotoweka kwenye orodha ya ligi.

TUFANYE NINI, BASI?

Kwako mzazi: Mashemeji ijayo usiende peke yako. Mpeleke binti yako na mtoto wako wa kiume. Kaa nao mahali penye familia, fika mapema, na ondoka kwa utulivu. Mweleze mtoto Gor Makogalo alikuwa nani. Mweleze Abaluhya waliunganaje mwaka 1964. Mtoto anayejua historia ya mshindani wake si rahisi kumrushia jiwe.

Kwako mwanafunzi: tania, lakini jifunze kutania kwa takwimu badala ya matusi. Shabiki wa Gor anaweza kumkumbusha mwenzake kwamba kufikia mwaka 2024 K'Ogalo ilikuwa imetwaa ligi mara 21. Shabiki wa Ingwe anaweza kumjibu kwamba ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati Leopards iliutwaa mara tano, na Gor mara tatu. Hapo hakuna aliyetukanwa, na wote wawili wamekwenda kutafuta maarifa.

Na kwetu sote wenye kwetu huko kusini mwa ziwa: tukirudi nyumbani Desemba au Pasaka, tusiishie kukaa mbele ya televisheni tukibishana juu ya Arsenal na Manchester. Homa Bay sasa ina uwanja mpya uliopewa jina la Raila Odinga, ambao Juni 2025 ulibeba sherehe za Madaraka za taifa zima. Migori na Awendo kuna viwanja, na kuna vijana wanaocheza ligi za chini kwa viatu vya kuazima. Tiketi ya mechi zao ni bei ya chupa moja ya soda au mbili. Nenda, lipa langoni, usiingie kwa kujuana. Uliza mwenye timu ni nani, hesabu zake zikoje, na basi lao linatiwa mafuta na nani. Hayo ni maswali ya mwenye mali, na timu ya nyumbani ni mali.

Gor na Leopards zitaendelea kukutana, na kila mara mmoja wetu atalala na furaha na mwingine na uchungu. Hilo halina dawa, wala halihitaji dawa. Ushindani huu umefika zaidi ya nusu karne kwa sababu kila upande ulikuwa na mtu wa kumtania, na mtu huyo alikuwa wa nyumbani. Awendo imetufundisha kwamba utani peke yake hauiweki timu hai. Shemeji, njoo na mchango wako.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.